Miche Sita Aliyoing'oa Hadija

Kirongwe, Mafia

Mke wangu Mama Hadija,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na kabla ya yote nikuambie kuwa mwandiko wako umenyooka sana tangu uanze kisomo. Sasa nausoma bila kukuna kichwa. Mama yangu mguu wake vipi? Anaukanyagia au bado anatembelea mkongojo? Najua mguu huo ndio unaokuweka huko, nami sinung'uniki, nauliza tu. Na huyo mdogo, meno yameshatoka? Mvua imewakuta mmeshapanda? Nijibu moja moja, usiniruke. Sisi huku wazima. Hadija ameota mwili kwa samaki na wali wa nazi, ingawa nywele zake nazisuka mimi, na majirani wakiziona hugeukia upande wapate kucheka.

Najua unaruka mistari unatafuta jambo moja tu. Tulipokubaliana nije naye huku, kwa kuwa shule iko karibu, hukuwa na furaha. Sasa umeniandikia kwamba shule zikifungwa naye bado hajafungua kinywa darasani, nimrudishe Kondoa kwako, nisimtese mtoto. Nimechelewa kukujibu. Leo nakueleza yote, na mengine hayanipi sifa.

Darasa la kwanza la hapa lina mambo. Wengi ni wenyeji, Kiswahili wamezaliwa nacho. Wapo Wamakonde wawili, baba zao wakwezi wa minazi, na hao nyumbani kwao ni Kimakonde. Alasiri wote wanakwenda chuoni kusoma Kiarabu, na ukipita kwenye madirisha ya madarasa ya juu unasikia wakubwa wanakariri Kiingereza. Nilitamani sana kujua kichwa cha mtoto wa miaka saba kinayapanga wapi yote hayo. Wetu alikwenda na Kirangi cha kwetu Kondoa peke yake. Chuoni alikuwa anaitikia, maana sura fupi fupi alishafundishwa na baba yako. Shuleni, kimya.

Mwalimu wake, mwanamke mpole aliyezaliwa Baleni, alinishauri nizungumze naye Kiswahili kidogo kidogo. Mimi nami, unavyonijua nisivyo na kiasi, nikapiga marufuku Kirangi ndani ya nyumba. Nikamwambia hii ndiyo lugha ya taifa, hata maji aombe kwa Kiswahili. Basi akawa haombi maji. Anakwenda mwenyewe mtungini, anakunywa, anarudi kukaa. Na mimi nikawa naandika kwenye daftari la kazi, kama ninavyoandika habari za miche: wiki ya kwanza maneno manne, wiki ya pili mawili, wiki ya tatu hakuna. Nikajidanganya kwamba anayakusanya. Nilimnyamazisha mtoto hata nyumbani, Mama Hadija, na kalamu nimeshika.

Ndipo yakaja ya miche. Siku hizi kila shule inalima, na mimi bwana shamba ndiye niliyewapa nazi za mbegu, wakaziotesha kwenye kitalu nyuma ya darasa. Kazi ya wadogo ni kumwagilia na kung'oa majani. Siku hiyo nikaja kuitwa mbio. Nikamkuta Hadija amesimama katikati ya wenzake, mikono matope, na miche sita imelala chini, kila mmoja umenyofolewa kutoka kwenye nazi yake. Nazi zenyewe kazipanga pembeni, tayari kutupwa.

Mtoto wa kisiwa hiki, hata anayetambaa, hawezi kufanya hivyo. Mche wa mnazi hupandwa pamoja na nazi yake, maana ndiyo inayoulisha mpaka mizizi ishike. Lakini wetu kakulia kwenye vitunguu vya mama. Kaona kitu kikavu kimening'inia kwenye mche, kakitoa, kama anavyomwona bibi yake akisafisha miche kabla ya kupandikiza. Maskini, alikuwa anawasaidia.

Wenzake walikasirika. Mmoja, binti wa mkwezi, alisema amefanya makusudi, na kwamba anaringa ndiyo maana hasemi nao. Mwalimu akamuuliza mara mbili kwa nini. Hadija akanitazama mimi. Jibu alikuwa nalo, nililiona kabisa, na mimi ndiye niliyemkataza lugha ya kulisemea. Moyo uliniuma, nikaona haya mbele za watu.

Nikachuchumaa palepale nikamuuliza kwa Kirangi. Weee, maneno yalivyomtoka! Akaeleza vitunguu, akamweleza bibi yake, kisha akanigeuzia swali: kwa nini mche mzima uachiwe kitu kilichooza? Nikaazima panga, nikapasua nazi moja, nikamwonyesha joya, ile nyama laini inayojaa ndani nazi ikichipua. Nikamwambia hiki ndicho chakula cha mche, na ulikuwa bado unakula. Akaonja. Akauliza kama mche unalia ukinyang'anywa. Nikamwambia haulii, unanyauka tu. Akawageukia wenzake, akasema kwa Kiswahili, sauti ndogo lakini sote tulisikia:

“Nilidhani imeoza. Kumbe ilikuwa inanyonyesha.”

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Zile nazi tano zilizobaki tukazipasua, watoto wakagombea joya, na yule binti wa mkwezi akamkatia Hadija kipande kikubwa kuliko chake. Miche yote sita ilikufa. Nimewaletea mingine.

Siku hiyohiyo niliifuta ile marufuku. Kazi yangu ni kuzunguka vijiji kuwakumbusha watu wasinyofoe nazi kwenye mche, na nyumbani kwangu niliinyofoa mwenyewe. Nisamehe.

Sasa ndani tunasema Kirangi, nje anasema anachotaka, na mimi udadisi umenizidi. Jana nilijibanza nyuma ya jiko nimsikilize akicheza. Akimgombeza mwanasesere wake wa gunzi, ni Kirangi. Akihesabu mawe ya kudaka, Kiswahili. Mbuzi wa jirani alipomjia kwa pembe, akasoma sura nzima. Na binti wa mkwezi amemfundisha kuhesabu Kimakonde hadi tano, yeye kamfundisha Kirangi hadi kumi. Nilimuuliza mbona yeye kapata kidogo, akasema mwenzake alichoka.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie vitunguu vyake vimemponza mjukuu. Baba yako mwambie zile sura zinafanya kazi hata kwa mbuzi. Dada yangu, aliyekuwa akimsuka Hadija, mwambie nimekubali kwamba kusuka ni kazi, na sitamcheka tena.

Shule zinafungwa mwezi ujao. Nilimuuliza Hadija mwenyewe kama anataka kurudi kwako. Alifikiri sana, macho yakamlengalenga, kwa maana anakukumbuka kila siku, nisikufiche. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kirangi, akanishika mkono niandike yote mawili. Kirangi kalamu yangu haijazoea. Hicho utakisikia kwake mwenyewe. Cha Kiswahili ni hiki:

“Mwambie mama aje yeye.”

Mumeo anayekungoja,
Baba Hadija