Papa, Leo Sikuenda Kazini

Mpendwa Papa,

Ungekuwa hai ungenicheka. Jua limeshapanda juu ya maharage ya jirani, na mimi, muuguzi mzima wa kituo cha afya, bado nimejifunga kitenge cha kulalia. Cheka tu. Leo nimefanya kama wewe.

Unakumbuka ile asubuhi kule kwetu Walikale? Wanaume walikuwa wamekusanyika kwenye barza, kile kibanda cha wazee, nyavu za kuwindia mabegani, mbwa wanarukaruka na kengele zao shingoni. Wewe ukatoka nyumbani mikono mitupu, ukawaambia, "Leo mwili yangu iko nzito. Siendi." Basi. Hakuna aliyekuuliza unaumwa nini. Wakaingia msituni bila wewe, na jioni wakakuletea fungu lako la nyama kama kawaida. Mimi niliona haya, Papa! Nikakuambia, "Batasema uko muvivu."

"Baseme, mama," ukanijibu. Uliniita hivyo siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako. "Mutu akikosa kuja, benzake banajua, banakaza nyavu. Lakini nikisimama pale na nguvu hakuna, nguruwe itapita kwangu na kuumiza mwingine."

Nikakua, nikasoma, nikaolewa huku Masisi, nikasahau. Wauguzi tuko wachache, na wagonjwa wanapanga mstari hadi barabarani. Nikimaliza zamu ya mchana, shefu wa kituo ananiongezea ya usiku. Nikisema nimechoka, anauliza, "Na bagonjwa, dada, nani atabaangalia?" Basi narudi wodini. Miezi yote hii nakula nimesimama, nalala nimekaa, na mwanangu Neema amezoea kuuona mgongo wangu tu.

Juzi nilikuwa karibu kumchoma sindano mtoto mwenye malaria. Mwenzangu Furaha akanidaka mkono. "Dada, angalia chupa!" Nikaangalia. Haikuwa dawa yake. Mungu wangu, Papa! Nikaiweka sindano chini, na hapo nikakusikia wazi kabisa na habari zako za nguruwe.

Jana nikamwendea shefu. "Kesho sitakuja. Nitapumzika hii juma yote." Akasema wakubwa hawatafurahi, na wanaoitaka nafasi yangu ni wengi. Siwezi kukudanganya, niliogopa, maana mshahara huo ndio unaotulisha. Lakini nikarudia yaleyale. Furaha na wengine wakagawana zamu zangu palepale, wala hawakunung'unika.

Hofu bado ninayo. Ila nimelala, Papa, nimelala hasa! Nimeamka na njaa, kitu ambacho sikukijua tena. Wakinifukuza, watakuwa wamemfukuza mtu mwenye afya, na mwenye afya anaweza kutafuta kazi nyingine. Wasiponifukuza, nitawarudia wagonjwa wangu na macho yanayoona.

Asubuhi Neema alisimama mlangoni, haamini.

"Mama, uko hapa?"

"Niko hapa."

"Mupaka lini?"

"Mupaka nipone."

Akatoka mbio njiani, anawapigia kelele watoto wenzake: "Mama yangu amefika! Mama yangu amefika!" Na mimi, Papa, sijawahi kuhama nyumba hii.

Acha nikuage, uji unapoa na huyu mtoto ananivuta kitenge. Lala salama huko uliko.

Ni mimi,
binti yako uliyeniita mama