Usikivunje Kibubu

Bukoto, Kampala
Machi 1977

Mwanangu Kulthum,

Salamu kwako na kwa shangazi yako huko Mombasa. Sisi wazima. Sukari tumesahau ladha yake, na mdogo wako Marjan kang'oka jino.

Unasema utavunja kibubu, uniletee pesa zote za ushonaji, ili askari waliomchukua baba yako mwaka jana wamwachie. Usithubutu! Yule bwana wa miwani myeusi, anayejidai atamtoa, ameshakula mbuzi, redio na bangili zangu, na kila mara, "Mama, bado kidogo tu." Juzi nikamwambia, "Basi niletee hata kofia ya mume wangu niione." Akainuka aondoke; hata kofia hana. Nikamfungia mlango, na akirudi nitamfungia tena.

Wewe una miaka kumi na sita. Ukipata shilingi tatu, mbili zitie kibubuni, ununue cherehani yako mwenyewe. Moja nunua hina, kula halua, cheka. Baba yako alipenda sana kukusikia ukicheka.

Kibubu kina mdomo wa kumeza tu, hakisemi. Mimi nimekuwa hivyo mwaka mzima. Sasa basi.

Barua nampa Uthman wa lori akuletee kwa mkono. Mlango nimeufunga, mwanangu.

Mama yako,
Halimah