Kuku wa Lusahunga

Jumatatu, 17 Februari 2025

Jembe limekufa leo. Limezikwa saa mbili asubuhi, mstarini, bila hata dua.

Mkuu wa Chuo, Bwana Bulugu, kasimama na suti yake ya kaki, kasema timu yetu ya mpira haiitwi tena Jembe. Eti jembe la mkono limepitwa na wakati, sisi ni chuo cha kilimo cha kisasa, na ligi ya vyuo inataka kila timu iwe na nembo ya kueleweka. Akavuta kitambaa ubaoni. Korongo! Ndilo jina jipya. Ndege mwenye taji, mguu mmoja juu, shingo imekwenda upande.  Halafu mtu mmoja huko nyuma akakohoa, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Miaka kumi na moja natunza stoo ya chuo hiki. Miaka kumi na moja napiga ngoma nyuma ya goli letu, "Piga jembe!" mpaka sauti inakauka. Wanafunzi wanakuja wanaondoka, mimi na Jembe tunabaki. Hakuna aliyeniuliza!

Mchana jezi zikaletwa stoo. Ildefonsa, binti wa mwaka wa pili anayeanzisha nyimbo zetu uwanjani, alikuja kunisaidia kuzipanga. Tulikuwa wawili tu. Nikainua moja, nikaiangalia hiyo shingo, nikamwambia: "Korongo gani huyu? Huyu ni kuku wa Lusahunga. Kachomwa, kachomekwa kijiti, ananyooshewa abiria dirishani." Binti alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Nikaongeza kwamba bado pilipili tu.

Moyo umetulia kidogo. Nalala.

Jumatano, 19 Februari

Neno langu limeota miguu. Leo bwaloni mpishi kanihadithia mimi mwenyewe kwamba kuna mtu kaiita timu Kuku wa Lusahunga. Nikamwacha amalize, nikacheka kama ndiyo kwanza nasikia. Ildefonsa katengeneza stika — ndege wetu, na mkono wa mchuuzi umemshika kwa chini. Iko kwenye magrupu yote. Genoveva, karani wa Mkuu, anasema imefika mpaka Ngara kwa wifi yake.

Ukiuliza nani kaanzisha, unaambiwa "watu wanasema". Nilitamani kusema ni mimi. Nilitaka sifa, wallahi!

Jumamosi, 22 Februari

Tumefungwa mbili bila, uwanja wa Biharamulo mjini.

Washabiki wa wenzetu walikuja wamejipanga. Basi letu lilipokata kona kuingia uwanjani, wakatoka pande zote mbili na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, wanawanyoosha madirishani. "Kuku, kuku, wa moto!" Walivyoigiza, utadhani tumesimama Lusahunga kweli. Wachezaji wetu wameinamisha vichwa. Kipa wetu, Paschal, kipindi cha pili alitoka kaivaa jezi ndani nje ili nembo isionekane. Refa akamrudisha akaigeuze. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Washabiki wetu ndio walionishangaza. Nao walikuwa wanacheka. Bao la pili lilipoingia, wetu wenyewe ndio walioimba "Weka pilipili!" Pilipili ni yangu ile. Na mimi nilicheka, nisijidanganye humu. Ngoma niliiweka chini nikajishika mbavu.

Mwalimu Anastazi alikuwa peke yake kwenye uzio, mbali na walimu wenzake. Nilimpungia, hakuona. Kabla ya filimbi ya mwisho alishaondoka, na ule mguu wake wa kukokota. Nadhani jua lilimzidi.

Jumatatu, 24 Februari

Ya Rabi.

Nilipeleka fomu ofisini. Genoveva alikuwa anaangalia ile stika, lakini safari hii hacheki. Nikamuuliza vipi. Akafunga mlango, akaniambia huyo korongo kachorwa na Mwalimu Anastazi. Alimwomba Mkuu asitaje jina la mchoraji mpaka Juni, siku ya kumuaga, maana anastaafu. Ilikuwa iwe zawadi yake kwa chuo.

Nikaacha fomu mezani, nikatoka.

Mwalimu Anastazi! Huyu anayefundisha zana na michoro tangu chuo kina madarasa mawili. Mwaka jana Aprili alipigwa kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Alikaa miezi sita kwao Ngara. Aliporudi anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa za mtoto wa chekechea, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kucheka. Alipofariki Baba Khalidi wangu, yeye Mkatoliki, alikaa barazani na wanaume wetu siku zote tatu za matanga. Hata hiyo kazi ya stoo, barua ya kunidhamini aliiandika yeye.

Na mimi nimemchomea ndege wake nikamtia kijiti.

Alhamisi, 27 Februari

Nimejaribu kuzima. Siku tatu nazunguka — bwaloni, bwenini, getini — nawaambia waache, ni jina letu, tuliheshimu. Wanacheka zaidi. Mlinzi wa getini kaniuliza tangu lini Mama Khalidi kawa mlokole. Jana nilianzisha wimbo mpya mazoezini, "Korongo ruka!" Nimeimba peke yangu ubeti wa kwanza, ubeti wa pili mtu kaitikia kwa sauti ya jogoo.

Wiki mbili hazijafika na hili jina halinijui tena.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo umeanza. Bibi alikuwa akisema tumbo kulifunga ni rahisi, kazi iko kwenye ulimi. Wangu nimechelewa kuufunga.

Jumatano, 5 Machi

Leo kaja stoo. Mwenyewe.

Ni Jumatano ya Majivu kwao, alikuwa na alama ya majivu kwenye paji la uso. Nikasimama. Shikamoo Mwalimu. Akaitikia marahaba Mama Khalidi, akaniuliza mfungo unaendaje, akasema mwaka huu tumefunga pamoja, sisi na nyinyi, huenda Mungu atatusikia kwa umoja. Nikamvutia kiti. 

Alikaa taratibu. Halafu akasema bila kuzunguka kwamba yule ndege ni wake. Nikajibu kwamba… Nilijibu nini? Nilisema, "Ahaa." Ndivyo nilivyosema. Ahaa!

Akanieleza. Kwao bondeni, utotoni akichunga ng'ombe, korongo walikuwa wanashuka wawili wawili wanacheza kwenye majani. Umusambi, ndivyo wanavyomwita. Alipokuwa amelala na ule upande mmoja uliokufa, alijiapia kwamba mkono wa kulia ukirudi, kitu cha kwanza atakachochora ni huyo ndege.

"Nilimchora mara kumi na moja, Mama Khalidi," akasema. "Huyo mnayemwona ndiye aliyenyooka kuliko wote."

Sikuweza kumwangalia machoni. Niliangalia yale majivu.

Tena akaniomba. Kasema mimi ndiye ninayewajua washabiki, hakuna linalosemwa uwanjani nisilijue. Nimsaidie kumpata aliyeanzisha. Nikauliza kwa sauti ndogo atamfanya nini. Akatikisa kichwa, hamtafuti ili aadhibiwe. Anataka kumuuliza tu, alipomtazama yule ndege mara ya kwanza, aliona nini. Kwa sababu yeye kila asubuhi anamtazama na bado anamwona korongo.

Nafasi ilikuwa pale pale. Neno lenyewe moja tu: mimi. Mlango umefungwa, tuko wawili, wote tumefunga. Nikasema, "Inshallah nitaulizia, Mwalimu."

Jina la Mungu nimelitumia kujifichia! Nimefuturu kwa maji tu. 

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yameharibika.

Mkuu kabandika tangazo. Kumbe kuna mkubwa kutoka wilayani kamtania kwenye kikao, kamuuliza kuku wanauzwaje. Sasa anataka mtu. Wamefuatilia stika, wamefika kwenye simu ya Ildefonsa. Jumatatu saa nne anaingia kamati ya nidhamu kwa "kudhalilisha chuo na mtumishi". Wanasema adhabu ni kusimamishwa mwaka mzima. Mama yake analima migomba huko Ngara, ada ya huyo binti imetoka kwenye mkungu mmoja mmoja.

Alikuja dirishani saa tisa, macho yamevimba. Nikamwingiza ndani. Nilidhani kaja kunilaumu, nikawa tayari, nilitamani hata anitukane. Hakunitukana.

"Mama, wameniuliza jana hilo jina nililitoa wapi," akasema. "Nimesema ni langu. Sijamtaja mtu, usijali."

Usijali. Mtoto wa miaka ishirini na mmoja ananiambia mimi nisijali.

Nilipaswa kumwambia aende akaseme ukweli. Nilimpa chupa ya maji baridi, mimi nimefunga, nikamwambia Mungu yupo. Alishukuru! Aliondoka akishukuru.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika barua kwa Mkuu. Nimeichana. Nimeandika nyingine, hiyo ikawa na "inawezekana kwamba" tatu, nikaichana pia.

Nimempigia Khalidi. Yuko Rusumo, anashughulikia mizigo ya malori mpakani, kichwa chake kina hesabu siku zote. Nilimweleza yote. Kasema ninyamaze. Maneno ya kijiweni hayana mwenyewe, mkataba wangu unahuishwa Juni, na binti mwenyewe kashakubali. "Mama, umri huo unatafuta kazi wapi?"

Hajakosea. Ila si mkataba ninaoogopa, nijiambie ukweli hapa ambapo hakuna mwingine. Naogopa Mwalimu atakavyoniangalia. Kwamba yeye alimchora mara kumi na moja, na mimi nilimjibu ahaa.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu, changu bado kiko salama kwenye mtandio.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne na robo. Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Nimekuja na daftari hili ndani ya leja ya stoo ili nionekane na kazi.

Ildefonsa yuko ndani. Kavaa sare kapiga pasi, nywele kazichana upya. Alipopita alinipa shikamoo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Alfajiri nilikula daku nikaapa nitaingia niseme. Nilipofika kona ya jengo nikasema nitasubiri waanze. Wameanza. Nikasema nitasubiri Mkuu apoe. Namsikia, hajapoa. Sauti ya binti siisikii kabisa.

— Mwalimu Anastazi kaja. Kaitwa kama mtu aliyedhalilishwa. Kabla ya kuingia akakaa karibu yangu kwenye benchi, taratibu, kwanza mguu mzima halafu ule mwingine. Kaniambia hajapendezwa na kikao hiki, hakumwomba Mkuu amkamate mtu, na huyo binti anamfahamu, anamwona hana roho ya namna hiyo. Atawaambia hivyo. Lakini binti anasema ni yeye, sasa watafanyaje?

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mfuko wa shati. Korongo mwingine. Wa kumi na mbili. Kakaa wiki nzima kumnyoosha. Shingo imesimama, taji limekaa mahali pake, na kuna mistari ya penseli iliyofutwa na kurudiwa mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Ule mguu wa juu bado una kigugumizi. Lakini ni korongo. Mtu yeyote mwenye macho angesema ni korongo.

Nilisema, "Ni mzuri sana, Mwalimu." Akatabasamu upande mmoja, ule unaoweza.

Wakamwita. Akasimama kwa kunishika bega. Karatasi akaniachia mapajani.

"Ukimpata yule mtu," akasema, "mwonyeshe huyu kwanza. Asianze na kuomba radhi. Amtazame kwanza."

Kaingia. Mlango haukufunga vizuri, namsikia anamsalimia Ildefonsa, anamwita mwanangu.

Nimemtazama. Nimemtazama mpaka macho yananiuma, na bado sijasimama. Genoveva kachungulia, kaniuliza kama nimeleta hiyo leja kwa Mkuu au nasubiri mtu.  Kaushika mlango wazi, ananingoja.