Kilima cha Babu

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo.

Sasa keti, maana nataka ulisikie hili kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine: nimekifuta kilima cha Babu.

Usinikasirikie kwanza. Ofisini tunachora upya ramani ya mji wetu, tukianzia na ile ya zamani, ya wakati Babu akiwa mshika fimbo wa wapima ardhi, ile fimbo ya kupimia mwinuko. Kilima chake kipo pale pale ulipotuonyesha tukiwa watoto: duara dogo ukingoni mwa mto, na tambarare pande zote. Ramani mpya itawaonyesha watu pa kukimbilia mto ukifurika, kwa hiyo nilikwenda kupima mwenyewe. Shangazi, hakuna hata mwinuko wa kumtoa mtu jasho.

Siku tatu mkono wangu haukukigusa kile kiduara. Niliona kama naifuta alama pekee aliyoiacha duniani. Mwishowe nikampeleka Bibi ofisini. Aliinamia meza, akaweka kidole, akacheka mpaka mkuu wangu akatoka chumbani kwake kuja kutazama.

"Mwongo mkubwa huyu! Alipanda kichuguu na fimbo yake. Mpima yuko kule mbali, anaandika tu."

"Alikuwa anakwepa matope, Bibi?"

"Matope gani? Mimi nilikuwa ng'ambo naanika nguo. Alitaka nimwone."

Nikamwuliza nifanyeje. Akapangusa macho kwa kiganja.

"Futa, mjukuu wangu. Mto ukija, watu wakimbilie wapi, kwenye uchumba wangu?"

Basi nikakifuta kwenye ramani mpya, na nimelala vizuri tangu siku hiyo. Ile ya zamani imerudi kwenye droo yake, na kwetu ramani ya zamani haisahihishwi na mtu yeyote. Kwa hiyo Babu bado yuko juu ya kichuguu chake.

Bibi anataka kwenda kuitazama tena Alhamisi. Amenipa gauni lake la bluu nilipige pasi.

Msalimie mumeo, fundi saa wetu, na binamu zangu wote, hasa yule asiyejibu barua. Mungu akutunzie goti, na kicheko ulichorithi kwa mama yako.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Miwani