Saa Isiyojua Maamuli

Ijumaa, 21 Machi 2025

Presha asubuhi 138/84. Vidonge vyote vitano nimemeza. Mazoezi: vidole dakika kumi, kukunja taulo mara ishirini, kutembea sebuleni kwenda na kurudi mara kumi na mbili. Mwandiko bado wa mkono wa kushoto — nyayo za kuku kwenye unga. Lakini leo kuku huyo amekwenda moja kwa moja!

Siku ya akina mama. Rakan na mkewe wamekuja kutoka Amman na keki na kiboksi cheupe. Ndani ya kiboksi, saa. Hii hupima moyo, huhesabu hatua, na mvaaji akianguka hujua yenyewe. Humuuliza kama ni kweli. Asipojibu katika dakika moja, huwapigia jamaa. Jamaa walioandikwa humo ni watatu: Rakan, jirani yangu Mama Ziyad, na shemeji Fayez wa Zarqa.

Kisha mwanangu akasema alilojia. Tangu kiharusi cha tarehe 9 Januari anataka nihamie kwake, ghorofa ya sita, lifti mlangoni, kitanda kimeshanunuliwa. Mimi sitaki. Najua nyumba hii ina ngazi arobaini na tatu kutoka barabarani. Nazihesabu tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Tumepatana hivi: saa ikikaa kimya mpaka Idi, nabaki hapa mjini Salt. Ikipiga simu kwamba nimeanguka, siku ya Idi naondoka naye.

Nimekubali kabla hajamaliza. Hakimu asiye na ndugu wala wifi! Nimeshashinda.

Jumamosi, 22 Machi

Presha 141/85. Kosa la keki.

Simu yangu inamtambua mtu mmoja tu duniani: kidole gumba changu cha kulia. Namba ya siri niliisahau hospitali. Kwa hiyo kila nikitaka kuifungua naubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nakishika kidole, nakibandika juu ya kioo, kama karani anayempigisha mtu muhuri kwa nguvu. Mara ya sita imekubali. Nikaiweka chini nipumzike. Ikajifunga.

Jioni mazoezi kwa simu ya video na Hazar, binti wa hospitali anayenifundisha viungo. Nimenyanyua, nimekunja, nimehema dakika thelathini nzima. Mwishoni akaniambia kwa adabu kwamba dari yangu ni nzuri ila ina nyufa.

Jumapili, 23 Machi

Siku gani hii! Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi nimeanza maamuli, vileja vya tende vya Idi. Semolina na samli vimelala pamoja tangu jana, tende nimesaga. Unajaza donge, unalibana kwenye kalibu ya mbao, kisha unaigonga kalibu kwenye ukingo wa meza — pwaa! — kileja kinaruka nje na maua yake. Miaka yote majirani wa ngazi nzima husikia mlio huo na kujua Idi imekaribia.

Kulia siwezi, basi nikagonga kwa kushoto. Pwaa. Saa ikatetemeka: inaonekana umeanguka vibaya. Vitufe viwili, kila kimoja punje ya dengu. Saa iko mkono wa kushoto, kwa hiyo wa kubonyeza ni wa kulia — ule ule mgonjwa! Kidole kikaenda safari yake. Kikatua katikati. Kikatua kwenye kikuku cha saa. Dakika ikaisha.

Rakan amefika baada ya dakika thelathini na tano, beji ya ofisini shingoni, kiatu kimoja hakijafungwa. Mama Ziyad alishavunja kitasa cha mlango wa nyuma. Shemeji Fayez alishawapigia watu, na saa sita wakatokea wanawake wawili wa ukoo wamebeba birika la kahawa chungu, ile ya msibani. Wamenikuta nimekaa, unga mpaka kwenye nyusi. Mmoja alianza kulia, akaacha njiani, hakujua aendelee au anipe mkono wa heri. Mama Ziyad alikaa chini kabisa kwa kucheka. Kwa kuwa Ramadhani hii mimi sifungi — daktari amekataza — kahawa ya matanga yangu nimeinywa mwenyewe. Tamu sana kwa kahawa chungu.

Rakan hakucheka. Amesema ya leo haihesabiki kwa kuwa sikuanguka. Lakini hawezi kukimbia kazini kila siku. Ikipiga tena kabla ya Idi, iwe kweli au uongo, atakuja na begi.

Jumatatu, 24 Machi

Presha 150/90. Sishangai.

Kuivua saa haiwezekani: ukiivua, nayo inamwambia. Nimeivua sekunde tatu tu nioshe mkono. Simu hiyo! "Mama, umevua?" Kuivaa kulia haiwezekani vilevile, mkono huo huvimba na Hazar amekataza kufungwa chochote.

Nikiacha maamuli? Hapana. Nisipogonga, ngazi nzima watasema Mama Rakan ndiyo basi tena. Na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaamini.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimefanya utafiti. Miaka ishirini na sita nimeandika daftari za mahudhurio shuleni, siwezi kushindwa na saa.

Kofi la kushoto mezani — kimya. Mlango wa friji kwa hasira — kimya. Kupiga mto — kimya, vumbi jingi. Kalibu kwenye taulo lililokunjwa — kimya, na kileja kimegoma kutoka, kimeng'ang'ana humo kama mpangaji. Kalibu mezani polepole — kimya, kileja kimetoka bila maua. Kalibu mezani kama inavyotakiwa — imetetemeka! Nikabonyeza, ulimi nje, jasho. Sekunde ya arobaini na moja nimekipata kitufe. Sijaanguka! Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni, kimetokea upande mmoja wa mdomo, lakini kimetokea.

Hesabu ya Idi ni vileja mia na sitini. Siwezi kucheza kamari hiyo mara mia na sitini.

Jumatano, 26 Machi

Mama Ziyad amekuja kugonga badala yangu. Anagonga kama anayeua nge. Vileja vitano vimepasuka, cha sita kimeruka nyuma ya jiko, nadhani kipo huko mpaka sasa. Nikamwambia aache, dini yetu imekataza israfu.

Akafuta mikono, akaniangalia kwa jicho lake lile. Akasema, "Shoga, Mungu kakupa mikono miwili. Huo wa kulia umeuhifadhi wa nini, wa mahari?"

Nimekasirika. Nimemwambia aende akapike futari yake. Alipoondoka nikauangalia mkono umelala kwenye aproni kama paka wa watu.

Saa ipo kushoto. Kulia haina saa.

Haina saa!

Nimekaza vidole vya kulia kwenye mpini kimoja kimoja, kwa kushoto. Nimenyanyua kutoka begani, maana kiwiko hakisikii. Kalibu ya kwanza imeanguka sakafuni. Ya pili nimegonga goti langu. Ya tatu imegonga meza, kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoidai kitu. Kileja kimetoka nusu. Nusu! Nimekila hapo hapo kibichi.

Ishirini nimejaribu, vitatu vizima. Saa: kimya, inanisifu kwa hatua zangu.

Ijumaa, 28 Machi

Jana sikuandika, mkono ulichoka na nilikuwa na sababu. Presha 136/82.

Leo sitini, vizima thelathini na moja. Hazar amepiga video. Safari hii simu niliiegemeza kwenye gunia la semolina, akaniona mimi badala ya dari. Nikagonga mbele yake. Uso wake ukaganda. Nikadhani mtandao umekatika tena, nikaanza kuitikisa simu. Kumbe yupo. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akauliza tangu lini mkono unapanda mpaka pale. Nikamwambia tangu jirani alipouchumbia. Amesema taulo niachane nalo, niendelee na vileja, kisha akauliza samli natia kiasi gani.

Onyo lake moja: mkono umetangulia, mguu bado. Nisinyanyuke kwa pupa.

Jumamosi, 29 Machi

Vimetimia. Mia na sitini! Vya mwisho vimetoka na maua yote, majani, mpaka kidoti cha katikati. Adhuhuri mzee wa nyumba ya chini amepaza sauti dirishani akauliza mwaka huu ni vya tende au vya jozi. Amesikia! Nimejibu tende, ulimi ukateleza kidogo kwenye neno, akaelewa, akasema nimwekee sita.

Mwezi haukuonekana. Idi ni Jumatatu. Saa haijasema neno tangu Jumanne. Mama Ziyad anaiita mkwe aliyenyamazishwa.

Sijui nitalalaje kwa furaha. Nimeshapanga sahani za kila nyumba na majina.

Jumapili, 30 Machi

Saa tisa na dakika arobaini alasiri. Naandika nikiwa chini.

Niende kwa mpangilio. Nilitaka kopo lile kubwa juu ya kabati, la vileja vya Rakan. Nilinyanyuka kwa pupa. Mguu wa kulia ukasema kwaheri. Mgongo ukaegemea friji, na nikateremka nayo taratibu, taratibu, kama samli kwenye ukuta wa sufuria, mpaka vigae. Kopo halikuanguka. Sikupiga hata kelele.

Nimejikagua kama Hazar alivyofundisha. Kichwa: hakikugonga. Nyonga: haiumi. Maneno: nimetaja miezi yote kumi na miwili kwa sauti, Februari imenisumbua kama kawaida yake. Uso: nimeutazama kwenye sinia, umepinda kiasi kile kile cha jana. Basi si kiharusi. Ni kuanguka tu.

Na saa — kimya! Mtu akipiga meza imeanguka dunia. Mtu akianguka kweli, haina habari. Baada ya dakika ishirini ndiyo ikatetemeka, nikadhani imenigundua. Maandishi: umekaa muda mrefu, ni wakati wa kusimama. Chini yake kijitu cha kijani kinachezacheza. Nimecheka mpaka machozi, peke yangu, miguu mbele kama mtoto mchanga.

Kisha nikaacha kucheka. Mama Ziyad yuko sokoni. Hakuna aliyeona. Tulipatana saa ikikaa kimya nabaki, na saa imekaa kimya. Nikijiinua kabla ya magharibi, kesho nitagawa sahani zangu na nyumba ni yangu. Neno la mapatano liko upande wangu.

Nimejaribu kuinuka. Ubavu, magoti, kiti. Kiti kikateleza, nikarudi chini. Saa kimya.

Jiko halikuwaka leo. Ningeanguka jana, lingekuwa linawaka na mimi niko chini.

Rakan akapiga. Simu iko juu ya meza, lakini jina lake limetokea kwenye saa pia, na punje mbili za dengu, nyekundu na kijani. Nimeunyanyua mkono wa kulia. Kidole kimetua kwenye kijani mara ya kwanza, sikuamini.

Sauti yake ikatoka mkononi mwangu, furaha tupu. Yuko Suweileh, njiani kuja, ameruhusiwa kazini mapema. Akauliza kama nataka chochote cha njiani. Akasema siku tisa na saa haijalalamika ila ile ya kahawa, hata mkewe Lubna amesema pengine kitanda kile wakiuze.

Nikamwambia, "Mwanangu, niko chini, jikoni. Nimeanguka. Sijaumia."

Akasema, "Saa haijasema kitu."

"Haikuona. Ninayesema ni mimi."

Nilisikia honi za watu nyuma yake, nikajua amesimama katikati ya barabara. Akauliza mara mbili kama kweli sijaumia. Akasema anakuja, dakika ishirini, nisisogee hata kidogo. Begi hakulitaja. Wala kitanda.

Goti la kulia limeshasogea. Kiti nimekisukuma kwa mguu mpaka kimebanwa na ukuta, hakina pa kutelezea sasa. Dakika ishirini. Natoa tatu nilizoandika haya ya simu. Daftari linarudi mfukoni mwa aproni, nahitaji mikono yote miwili