Maharagwe Niliyoyachambua

Mama Wambui, mke wangu,

Masika yamekaribia hapa Naro Moru, nami situlii. Nakaa, nasimama, natoka kuutazama mlima, narudi ndani. Kuna jambo nililolitenda baada ya kukuzika, na ni lazima ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka ulivyohifadhi maharagwe ya mbegu: mekundu, ya madoadoa, ya kijivu, yote katika kibuyu kimoja chenye majivu. Mimi, mwalimu niliyezoea mistari iliyonyooka, nilikuwa nikikusumbua uyatenganishe. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Ati sasa unataka kuyapangia maharagwe madarasa? Baba Wambui, hebu niachie jiko langu."

Msimu wa kwanza bila wewe, ugonjwa wa kutu uliyashambulia majani. Ya madoadoa peke yake yalibaki safi. Baada ya kuvuna nikamwaga mbegu zote mezani, nikachagua ya madoadoa. Mengine niliyapika, nikayala yote. Nilijiona nimesahihisha kosa lako la miaka mingi.

Vuli iliyofuata, mvua ilikatika mapema na jua likawa kali wakati wa maua. Majani yalikuwa mazuri ajabu, hayana hata doa moja la kutu. Maua yakapukutika. Sikupata hata bakuli moja.

Wambui alipokuja kutoka chuo kikuu anakosomea mimea, nilimpeleka shambani. "Baba, jeni za kukinga ugonjwa na jeni za kuvumilia joto zinakula kutoka sufuria moja," akasema. "Mmea ukitumia nguvu nyingi kujilinda, huenda zisibaki za kulisha maua joto likija. Kupata mmea mmoja wenye yote mawili ni kazi ngumu, hata kwa wataalamu." Kisha akauliza polepole, "Na yale mengine ya Mama, yako wapi?"

Nilimrudisha nyumbani, nikamwonyesha kibuyu kitupu.

Nilikwenda Kangari kwa dada yako Nyambura, ambaye uliwahi kumgawia mbegu. Unajua kwamba kwetu mwanamke ndiye amwombaye mwanamke mwenzake mbegu ya maharagwe. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwalimu mzima! Umekuja kuomba maharagwe, ama umepotea njia?"

Aliponipa kibaba cha maharagwe yaliyochanganyika, hakucheka tena. "Shemeji, haya yamezaliwa kwenye baridi yetu ya mashamba ya chai misimu minne. Sijui kama bado yataliweza jua lenu."

Nusu nimeiweka akiba. Nusu nitaipanda kama ilivyo, rangi zote pamoja. Kila nikipita mezani mkono wangu unataka kuchambua, nauzuia. Jua likiyakuta yakiwa na maua, ndipo nitakapojua kama nimekupoteza mara moja au mara mbili.

Pumzika wewe. Mimi bado siwezi.

Mumeo,
Baba Wambui