Ng'ombe wa Safari ya Geneva

Kishapu, Jumapili

Kaka Nkwabi,

Shikamoo. Koti zito uliloagiza ndilo hili, na barua nimeiweka mfukoni mwake kwa sababu mambo haya si ya simu. Nyumbani tu wazima. Mvua imegoma, pamba imesinyaa.

Ulituambia kamati ya wanasayansi ndiyo inayokulipia tiketi ya Geneva, ukaeleze jinsi zebaki inavyoingia visimani huko Geita. Mbona juzi yule mwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, ambaye maji yake machafu ndiyo uliyoyapima, katuambia kakukatia tiketi yeye, mpaka hoteli ya kupumzikia Dubai? Nilipokupigia ukanijibu tu, "Usijali, Asteria, ni mipango ya safari."

Bwana huyo hakuja mikono mitupu. Alishusha ng'ombe sita kwenye lori, akasema ni zawadi ya mzee. Baba amekataa kuwafungulia zizi, wanalala nje. Anasema kwetu Wasukuma ng'ombe wakiletwa nyumbani namna hii, yupo anayeolewa. Mimi nina mume wangu, na binti mwingine hatuna.

Kanituma nikuulize: anayeolewa ni nani?

Mdogo wako,
Asteria